Siku Mama Redio Alipopita Kimya

Mke wangu hawezi kupita mlango wa mtu bila kusalimia. Nasema hawezi, sisemi hapendi. Wapo watu wasioweza kula pilipili, wapo wasioweza kulala taa ikiwaka, na yupo huyu wangu. Akimwona mtu amekaa kibarazani, miguu inasimama yenyewe. "Hamjambo hapa? Mmeamkaje? Bibi goti lake linasemaje? Mtoto jino limetoka?" Ukimjibu moja anakuuliza matatu. Nikimtuma chumvi saa kumi, saa kumi na mbili anarudi anahema, mikono mitupu, macho yanang'aa: "Baba Watoto, hutaamini nilichosikia!" Chumvi iko wapi? "Chumvi gani?"

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Redio. Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko mbele ya nyumba, na kazi yangu inakwenda kwa saa. Nikikwambia njoo saa nane, saa nane baiskeli yako utaikuta imeegemea ukuta inakungoja wewe. Watu huniuliza, jamani, ninyi wawili mlikutana wapi? Nawaambia alipita kibandani asubuhi moja akanisalimia, na mpaka leo hajamaliza.

Kazi yake ni ususi. Anasukia sebuleni kwetu, mteja chini kwenye mkeka, yeye juu ya kigoda, na kichwa ambacho msusi mwingine angekimaliza asubuhi yeye anakifikisha jioni, kwa sababu kila msuko una habari yake. Wala hawalalamiki. Wapo wanaokuja na nywele zimeshasukwa, wanazifumua mlangoni ili wapate kukaa. Basi wanawake wa mtaa walipotaka mwenyekiti wa kikundi chao, hata kura hawakupiga. Nani mwingine anayejua aliyelazwa, aliyejifungua, na ambaye jiko lake halijawaka tangu jana? Hivyo ndivyo mke wangu alivyokuwa kiongozi, na hivyo ndivyo nilivyozidi kula mboga bila chumvi.

Tuna binti, kitinda mimba wetu, na huyo kanifuata mimi, si mtu wa maneno. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari alipopata mimba, shule ikaishia hapo. Mtoto alipozaliwa tulimpenda, nani asiyempenda mjukuu? Lakini binti yangu alianza kupita vichochoroni. Akitumwa dukani anazunguka nyuma ya nyumba, mtoto mgongoni, macho chini, ili asikutane na salamu ya mtu. Mtaa ambao mama yake anausalimia mlango kwa mlango, yeye alikuwa anaukwepa mlango kwa mlango. Iliniuma, sitaki kusema uongo. Iliniuma kila siku.

Halafu likaja darasa la jioni. Mwalimu Mkuu wa shule yetu na vijana wawili waliomaliza chuo walianza kuwafundisha waliokatiza masomo, pale kwenye ukumbi wa shule. Mke wangu alimshika binti mkono akampeleka mwenyewe. Wiki za kwanza alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Baada ya muda nikaanza kumwona nyumbani na kitabu mkono mmoja, mguu unambembeleza mtoto, midomo inacheza. Siku moja nikiwa naziba pancha alikuja kibandani akaniambia, "Baba, nipe hilo gurudumu nikuonyeshe kitu." Akanieleza mzingo wa duara. Nikamwambia sikuelewa, arudie. Nilikuwa nimeelewa. Nilitaka tu aendelee kusema.

Ndipo mvua ya upepo ikang'oa paa la ukumbi, na darasa likakosa pa kukaa. Mtihani haukuwa mbali, na chumba kizuri mtaani kwetu kilikuwa kimoja tu, kile cha juu ya bekari, chenye madirisha makubwa na taa za kutosha. Mwenye bekari alikuwa mbioni kumpa mtu wa meza za pool. Viongozi wetu wakaenda kumsihi, wote sita: Mwenyekiti wa mtaa, Shehe, Mchungaji, Mwalimu Mkuu, Mkuu wa Soko, na mke wangu. Kila mmoja akatoa hotuba. Wa mwisho alikuwa mke wangu, na alipofika katikati ya hotuba yake, mikate ikaungua.

Mwenye bekari ni mtu wa mizaha, tena mizaha yake ina meno. Alitoa trei ya mikate myeusi akaiweka mezani mbele yao. "Kusema mnajua," akawaambia. "Tangu nizaliwe nawasikia mkisema. Sasa nataka kuona miguu. Jumamosi, saa tatu na nusu, mtoke uwanja wa shule mje mpaka mlangoni kwangu, kwa miguu yenu, wote sita. Mkifika wote kabla ya king'ora changu cha saa nne, chumba ni cha hao vijana mwaka mzima, bure. Mmoja akibaki njiani, basi, tutacheza pool."

Viongozi walicheka. Nusu saa! Umbali wenyewe mtoto aliyetumwa mkate anaumaliza huku akiruka kamba. Wakapeana mikono, wakatangaza kwamba siku ya mbio kila mtazamaji aje na kitabu au kalamu ya kuwapa wanafunzi, mtaa ukachangamka. Mimi peke yangu nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Mwenye bekari anatujua. Njia ile ina nyumba pande zote mbili, na kila nyumba ina kibaraza.

Nikamwambia mke wangu tufanye mazoezi. Jumatano asubuhi alitoka uwanjani kwa mwendo mzuri, nikamwacha, nikapitia njia ya mkato kumsubiri bekari. Nilisubiri mpaka mwenye bekari akaniletea kiti. Mama alitokea adhuhuri akiwa na boga kwapani, amepatanisha mtu na mkwewe, na amemsuka msichana mmoja upande wa kushoto wa kichwa.

"Mama Watoto," nikasema, "chumba kimekwenda."

"Hapana, Jumamosi nitajikaza. Lakini Baba Watoto, wewe ungempitaje mtu aliyekupungia mkono? Tena mwenye boga?"

Usiku ule sikupata usingizi, nikawa namfikiria. Huyu mtu ananyamaza lini? Akilala anaongea. Akila anaongea. Mwisho nikapata: ananyamaza akinywa maji. Asubuhi nikamletea kikombe. "Piga funda moja. Usimeze. Kaa nalo hivyo hivyo, ukimbie nalo mpaka bekari."

Alipiga funda, akaniangalia, akacheka, maji yote yakaishia kifuani kwangu. Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nilipokuwa najifuta nikaona amegeuka anatazama mlangoni. Binti yetu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kitabu magotini, anamchorea mtoto duara kwenye vumbi.

"Nipe kikombe tena," mke wangu akasema. Hakucheka tena.

Jumamosi watu walijaa. Mwenyekiti wetu wa mtaa ni mtu mkubwa, mwili na sauti, na alikuja na raba nyeupe mpya na soksi zilizovutwa mpaka magotini. Kabla ya kuanza akasema viongozi wajipange kwa itifaki. Itifaki kwenye mbio! Yeye mbele, Shehe na Mchungaji nyuma yake bega kwa bega, kisha Mwalimu Mkuu, kisha Mkuu wa Soko, na mwisho kabisa mwenyekiti wa wanawake. "Na mtu asimpite mkubwa wake," akaongeza. "Sisi ni watu wazima." Mwenye bekari alikuwa amemtuma binamu yake kupuliza filimbi, na binamu yule alilazimika kugeukia ukutani kucheka.

Nikampa mke wangu maji. Akavimbisha mashavu, akaitikia kwa nyusi. Filimbi ikalia, nami nikapanda baiskeli nikaenda pembeni yake, chupa mfukoni, ili akilimeza funda kwa bahati mbaya nimpe lingine.

Jamani, ile haikuwa mbio. Nyumba ya kwanza, Mwenyekiti akasimama, akashika mikono ya watu wote kibarazani, pamoja na mtoto aliyelala. Wa nyuma yake wote wakasimama. Nyumba ya pili vilevile. Shehe alitaka kusogea mbele, akamwambia Mchungaji, "Tangulia, ndugu yangu." Mchungaji akasema, "Haiwezekani, tangulia wewe." Wakabaki pale wanaheshimiana. Mwalimu Mkuu alikuwa anatazama saa yake na kutafuna ncha ya tai. Nikapiga kengele ya baiskeli, nikapaza sauti, "Mwenyekiti, muda!"

"Fundi," akanijibu bila kugeuka, "haraka haraka haina baraka."

Nilitamani kumrushia pampu. Nusu ya muda ilikuwa imekwisha, na tulikuwa tumefika kwa kinyozi tu, hata nusu ya njia bado. Lakini hapo kwa kinyozi ndipo mambo yalipogeuka, na aliyeyageuza ni mke wangu bila kusema hata neno.

Kinyozi alikuwa mlangoni na wembe mkononi, anamnyoa mteja kwenye kiti cha nje. Kila siku ya Mungu mke wangu akipita pale huwa ni robo saa. "Mama Redio!" kinyozi akaita. "Za asubuhi?" Mke wangu akapita. Mashavu yamevimba, macho yametoka, jasho linatiririka, kimya. Kinyozi akaita tena. Kimya. Wembe ukamponyoka.

"Mama Redio kapita kimya," akasema. Kisha akapiga ukelele: "Kuna msiba!"

Akatoka mbio kumfuata. Mteja wake naye akainuka, nusu ya kichwa imenyolewa, shuka shingoni, akafuata. Mshonaji wa jirani aliona hao wawili, akaacha cherehani inazunguka. Kutoka kila kibaraza wakawa wanashuka. Kimya cha mke wangu kiliwatisha watu kuliko kengele ya moto. "Nani kafa?" wakaulizana. "Hatujui, lakini hata salamu hajaitikia!" "Basi ni mtu wa ndani." "Ni mumewe! Masikini, ni fundi!"

"Mimi hapa!" nikapiga kelele. Nani wa kunisikiliza? Mama mmoja muuza nyanya alikuwa anakimbia huku ameshika usukani wa baiskeli yangu asianguke, analia kwa uchungu wa kweli. "Alikuwa mtu wa saa, jamani," akaniambia mimi mwenyewe. "Ukimpelekea baiskeli, saa nane ni saa nane." Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Mbele huko, Mwenyekiti alikuwa bado anamuuliza mtu habari za shamba aliposikia vishindo. Akageuka. Akaona mtaa mzima unakuja mbio, mmoja na shuka, mwingine na mkasi wa kushonea, wote wanapiga kelele. Sasa mnisikilize. Mwenyekiti wetu aliahidi kuzibua mtaro wa barabara ya chini kabla ya mvua. Mvua zilikuja, zikaondoka, zikarudi, mtaro ukiwa vilevile. Ahadi ni deni, na mwenye deni hujua hatua za anayemdai. Nilimwona akibadilika rangi.

"Ni ule mtaro," akasema, na hapo hapo, mguu niponye!

Sikujua mtu wa kiasi kile anaweza kukimbia namna ile. Raba nyeupe zilikuwa hazionekani kwa vumbi. Mkuu wa Soko, ambaye choo cha soko kina historia yake, hakuuliza swali. Alimpita Mwenyekiti kwenye kona ya duka la dawa, na itifaki ikafia pale. Mwalimu Mkuu hakuwa na deni na mtu, lakini alikuwa amengoja ruhusa tangu saa tatu na nusu, akachomoka. Shehe na Mchungaji walitazamana, wakasema kwa pamoja, "Twende," wakashikana mikono, wakaenda. Nilicheka mpaka nikagonga ndoo ya mtu.

Wakaingia bekari mmoja mmoja, Mwenyekiti akajibwaga kwenye magunia ya unga na kuomba asitolewe nje. Watano ndani. Bado mmoja.

Na mmoja huyo alikuwa amekwama. Pale kwenye kimlima cha mwisho, mlango wa bekari unauona kabisa, umati ulikuwa umempata. Walimzunguka, wakamshika mabega, wakampepea. "Mama, kuna nini? Sema, mama, utupe nguvu!" Yeye anatikisa kichwa, anaonyesha mlango kwa kidole, wao wanalia zaidi. Nikamwona ananitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu, na nikaelewa anachoniuliza. Akitema maji awaeleze, je? Ataeleza. Halafu atamuuliza kinyozi habari za mkewe. Anajijua, nami namjua. Nikajaribu kupenya na baiskeli, hawakunipisha. Ningewezaje kupishwa na watu wanaonilia? Mlangoni, mwenye bekari alikuwa ameshika mkono wa king'ora. Nikaliona darasa linakwenda, nikaiona ile njia ya vichochoroni.

Ndipo niliposikia sauti.

"Hakuna msiba!"

Sikuijua. Wallahi sikuijua mara moja sauti ya mtoto wangu mwenyewe, kwa sababu sikuwa nimeisikia ikipanda kiasi kile tangu alipokuwa mdogo. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, mbele ya watu wote, mtoto kiunoni. "Hakuna aliyekufa! Mpisheni mama yangu! Anakimbia kwa ajili yangu mimi. Nataka kusoma! Mpisheni!"

Kitu cha kwanza walichokifanya watu ni kumtazama. Miaka miwili walikuwa hawajamwona usoni. Na yeye hakushusha macho. Akawatazama wao, akawatazama mpaka wakapisha, na mjukuu wangu kiunoni, asiyejua lolote, akapiga makofi.

Mke wangu akakimbia. Ndala moja ilibaki kimlimani, nyingine aliipoteza mlangoni, na alipovuka kizingiti mashavu yalikuwa bado yamevimba. Mwenye bekari akamngoja aguse kaunta, kisha akavuta mkono wa king'ora. Sijui kama ilikuwa saa nne kamili. Saa yangu ilisema imepita kidogo, na kwa mara ya kwanza maishani niliivua nikaitia mfukoni.

King'ora kilipokoma ndipo mke wangu alipomeza maji. Tukamsikia akimeza. Akashika kaunta, akavuta pumzi, tukangoja kusikia atasema nini mtu aliyeshinda chumba. Akamwambia mwenye bekari, "Za asubuhi, ndugu yangu? Mama yako mgongo unaendeleaje?"

Bekari nzima ikalipuka kwa kicheko. Mteja wa kinyozi alikaa chini na nusu kichwa chake. Muuza nyanya aliniona, akapiga kelele, kisha akanikumbatia, kisha akanikemea kwa kumliza bure. Mwenyekiti akatoka kwenye magunia mweupe kama andazi bichi, na alipoambiwa watu hawakuja kwa ajili ya mtaro, alijisikia vibaya hivi kwamba aliahidi mbele ya wote kuanza kuuzibua Jumatatu. Na Jumatatu alikuja na koleo, nilimwona.

Walipotawanyika nikamwambia mke wangu twende nyumbani, amechoka, hana hata viatu. Akanitazama kana kwamba nimetukana. "Nimepita milango yote ile bila salamu! Lazima nirudi." Nikajua sina la kufanya. Nikawaomba basi yeye na binti, wakipita dukani, waniletee chumvi.

Niliwasindikiza hatua chache tu, baiskeli mkononi. Binti yetu hakukata kichochoroni. Alimfunga mtoto mgongoni, akapita barabarani na mama yake, katikati kabisa. Walipofika kwa kinyozi, mke wangu alikuwa ameshafungua mdomo, lakini binti akamtangulia. "Hamjambo hapa?" akasema. "Mmeamkaje?" Kinyozi akajibu, na binti akamuuliza la pili.

Mke wangu akafunga mdomo. Hakuwa na maji safari hii. Alisimama tu pembeni, peku, anamsikiliza mwanawe.

Walirudi nyumbani saa tisa, mikono mitupu, wote wawili wakiongea kwa pamoja. Nikala mboga bila chumvi, nikaomba niongezwe.